Maswali ya Wasomaji: Chuma Kinapozidi Mwilini

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Nyegezi, Nansio na Magu, na ingawa walioziandika hawajuani, wote wanagusa jambo ambalo huku kwetu husikika kama mzaha: kwamba mtu anaweza kuumwa kwa sababu ya kuwa na chuma kingi mno mwilini. Katika Kanda ya Ziwa mtu akilalamika kuwa anachoka, huambiwa damu imepungua, na mara nyingi ni kweli, kwa kuwa malaria, minyoo, kichocho na mimba za kufuatana huwapunguzia damu watu wengi. Basi rozela huchemshwa, matembele hupikwa, na vidonge vyekundu hununuliwa duka la dawa bila kipimo chochote. Sina ugomvi na rozela wala matembele. Ugomvi wangu ni na hilo la mwisho.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, ninaishi Nyegezi. Mama yangu ni Msukuma wa Kwimba, na baba yangu ni raia wa Ireland aliyekuja kufundisha sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akarudi kwao. Kaka yangu wa upande wa baba, ambaye mama yake ni wa huko huko, ameniandikia kwamba baba amegundulika ana ugonjwa wa kurithi wa chuma kujaa mwilini, unaoitwa hemokromatosisi, baada ya kusumbuliwa na vidole kwa miaka kumi, kisha kisukari, na sasa ini limeharibika. Majibu ya baba yanaonyesha hitilafu ya jeni iitwayo C282Y mara mbili, na ya kaka vilevile. Wananihimiza nipime pamoja na wanangu watatu, ambao baba yao ni Mkerewe. Mama mdogo anasema magonjwa ya Wazungu hayatuhusu. Kinachonitia hofu ni kwamba kwa miaka miwili nimekuwa nikimeza vidonge vya kuongeza damu kwa ushauri wa muuza duka, kwa sababu nachoka sana. Je, nimejiua mwenyewe?

JIBU: Marahaba, dada. Hujajiua, na nitakueleza kwa nini nina uhakika huo kabla hata ya kuona kipimo chako.

Mwili wa mtu mzima una takribani gramu 3 hadi 4 za chuma, na sehemu kubwa imo ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila siku utumbo hufyonza miligramu 1 au 2 tu kutoka katika chakula, na kiasi kama hicho hupotea ngozi na utando wa utumbo vinapojibandua, na kwa wanawake katika hedhi. Lililo la ajabu ni kwamba mwili hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi. Figo hazikitupi katika mkojo kama zinavyotupa chumvi, wala hakitoki kwa jasho la maana, kwa hiyo ulinzi wote umewekwa kwenye mlango wa kuingilia. Bawabu wa mlango huo ni homoni iitwayo hepsidini, ambayo hutengenezwa na ini: akiba ikitosha, hepsidini huongezeka na utumbo hufunga, na akiba ikipungua, hepsidini hushuka na utumbo hufungua. Baba yako alizaliwa na bawabu anayesinzia. Kwa miaka sitini na zaidi utumbo wake umeendelea kupokea chuma ambacho hakuna aliyekihitaji, kidogo kidogo, mpaka akiba ambayo ingepaswa kuwa ya gramu chache inaweza kufika 20 na kuzidi, ikiwa imejipakia katika ini, kongosho, moyo, viungo vya vidole na tezi zinazoongoza homoni za uzazi.

Hapo ndipo unapoona kwa nini baba yako alihangaika miaka kumi bila jina la ugonjwa. Maumivu ya vifundo vya kidole cha shahada na cha kati hupelekwa kwa daktari wa mifupa, kisukari kwa daktari wa sukari, kupungua nguvu za kiume hakupelekwi popote kwa sababu ya aibu, na ini likigoma watu husema alikuwa mnywaji. Kila daktari ameshika kipande chake. Mfaransa Trousseau alieleza mwaka 1865 mgonjwa mwenye kisukari, ini gumu na ngozi iliyobadilika rangi; Mjerumani von Recklinghausen aliupa ugonjwa jina mwaka 1889; na ilipofika 1935 Mwingereza Joseph Sheldon alikusanya taarifa za wagonjwa na kusema kwamba huu ni ugonjwa wa kurithi. Hiyo rangi ya ngozi, ambayo vitabu huifananisha na shaba, isikupotoshe: vitabu hivyo viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na juu ya ngozi zetu dalili hiyo inaweza kupita bila mtu kuiona.

Sasa urithi wenyewe. Jeni linalohusika huitwa HFE, liko katika kromosomu ya 6, na lilitambuliwa mwaka 1996. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na hitilafu ya C282Y ni lazima iwe katika nakala zote mbili ndipo mtu awe katika hatari ya kweli. Ikiwa baba yako anazo mbili zenye hitilafu, hana nzuri ya kukurithisha, kwa hiyo wewe, bila hata kutolewa tone la damu, tunajua unayo moja. Nakala yako ya pili umeipata kwa mama yako wa Kwimba, na C282Y ni adimu mno kwa watu wasio na asili ya Ulaya. Kaka yako hakupata kinga hiyo, kwa sababu mama yake ni wa Ireland, nchi inayoongoza kwa ugonjwa huu, ambako takribani mtu 1 kati ya 5 hubeba nakala moja na takribani 1 kati ya 83 huwa nazo zote mbili. Mwambie mama mdogo kwamba ana nusu ya ukweli: hitilafu hii asili yake ni kaskazini mwa Ulaya, lakini imevuka bahari na kufika Nyegezi ndani yako.

Wewe ni mbebaji. Wabebaji wa nakala moja wanaweza kuwa na vipimo vilivyopanda kidogo, lakini kwa kawaida chuma hakiwajai kiasi cha kuwaharibu viungo. Wanao watatu, kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipokea nakala hiyo, na sioni sababu ya kuwachoma sindano watoto kwa ajili yake. Waeleze watakapokuwa watu wazima, hasa atakayeoa au kuolewa na mtu mwenye asili ya huko, kwa kuwa hapo ndipo nakala mbili zinapoweza kukutana tena.

Kuhusu vidonge, viache mpaka upimwe. Sikuambii hivyo kwa sababu ya C282Y peke yake. Ningemwambia hivyo hivyo jirani yako asiye na baba wa Ireland, kwani miaka miwili ya kumeza dawa ambayo haijakuondolea uchovu ni ushahidi tosha kwamba dawa hiyo haikuwa jibu. Omba upimwe wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, na vipimo viwili vya chuma kwa pamoja. Cha kwanza ni ferritini, inayoonyesha akiba iliyo ghalani. Kwa mwanamke huanza kutiliwa shaka ikizidi maikrogramu 200 kwa lita, na kwa mwanamume 300. Cha pili ni asilimia ya ujazo wa transferini. Transferini ni kama lori linalosafirisha chuma ndani ya damu, na kipimo hiki hueleza ni sehemu gani ya malori hayo imepakiwa. Ikizidi 45, tunaanza kuuliza maswali. Nenda asubuhi kabla ya chai, ukiwa hujameza dawa ya chuma kwa siku kadhaa. Vipimo hivyo vikiwa vya kawaida, huhitaji kusafirisha damu yako nje ya nchi kutafuta jeni ambalo tayari tunalijua.

Kaka yako ndiye wa kuhimizwa, na usidhani amehukumiwa. Si kila mwenye nakala mbili huugua, na wanawake huchelewa au hawaugui kabisa kwa sababu hedhi na uzazi huwapunguzia chuma mwaka hadi mwaka. Akiugua, matibabu ni ya zamani na ya bei nafuu kuliko karibu dawa zote ninazoziandika: hutolewa damu mililita 450 hadi 500, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na kila chupa huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, kwa sababu mwili hulazimika kuchota ghalani ili kutengeneza chembe nyekundu mpya. Mwenye gramu 10 za ziada atahitaji chupa arobaini au hamsini, yaani karibu mwaka mzima, mpaka ferritini ishuke kukaribia 50, kisha ataendelea mara chache tu kwa mwaka. Akianza kabla ini halijasinyaa na kabla ya kisukari, anaweza kuishi umri wake wote kama wengine. Aepuke pombe, vidonge vya vitamini C na dawa yoyote yenye chuma. Ataambiwa pia asile chaza wabichi wa baharini, kwa sababu kuna bakteria wa maji ya chumvi wanaostawi kwa chuma kingi na wanaoweza kumuua mtu kwa siku chache. Onyo hilo nimeshindwa kulipatia matumizi Mwaloni Kirumba, ambako sato hukaangwa mpaka mifupa ikatafunika.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa Nansio, Ukerewe. Mwanangu wa kiume ana miaka 13 na ana selimundu. Ameongezewa damu mara nyingi, nimeacha kuhesabu baada ya mara ya kumi na saba. Muuguzi mmoja alituambia kwamba damu za kuongezewa huja na chuma na kinaweza kujaa kwenye ini. Tangu siku hiyo nimeacha kumpa dagaa, maharage na mchicha, na nimeapa kwamba wakitaka kumwongezea tena nitakataa. Je, huu ni ule ugonjwa wa kurithi wa kujaa chuma?

JIBU: Mama, pole, na asante kwa kuandika kabla ya kukataa.

Alichorithi mwanao ni selimundu, na wewe na baba yake mnaijua hadithi hiyo. Chuma hakukirithi, kimeingia kwa mpira wa damu. Nimesema hapo juu kwamba mlango wa utumbo una bawabu. Damu ya kuongezewa haipiti mlango huo kabisa. Chupa moja ya mtu mzima ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, kiasi ambacho chakula kingechukua zaidi ya siku mia moja kukiingiza mwilini, na chembe hizo zikifa baada ya wiki chache, chuma chake hubaki. Kwa hiyo muuguzi alikueleza kweli, na katika eneo letu, ambalo selimundu imeenea sana, naamini watu wenye chuma kilichozidi kwa njia hii ni wengi kuliko wenye jeni la akina kaka wa Ireland. Hao ndio wanaonifanya niandike safu hii.

Lakini ona ulivyofanya na ukweli huo. Umemnyima dagaa na maharage, vyakula ambavyo mchango wake wa chuma ni mdogo mno ukilinganishwa na chupa moja, ilhali mtoto wa selimundu anahitaji protini na vyakula vya mboga kuliko wenzake kwa kuwa mwili wake hutengeneza damu usiku na mchana. Mrudishie sahani yake leo. Na kiapo cha kukataa damu, tafadhali kivunje. Mtoto ambaye damu imeshuka ghafla, au ambaye wengu limevimba na kunasa damu, anaweza kufa ndani ya saa chache, wakati chuma huchukua miaka kudhuru. Kinachofaa kuulizwa, na una haki ya kukiuliza kwa heshima, ni hiki: «Daktari, je, safari hii ni lazima, au anaweza kuvumilia?» Watoto wengi wa selimundu huishi na damu ya kiwango cha 7 au 8 bila kuhitaji kuongezewa, kwa sababu miili yao imezoea, na kuongezewa kwa sababu tu namba ni ndogo ni kosa ambalo sisi wahudumu hulifanya.

Nenda naye kliniki ya selimundu katika hospitali kubwa, Bugando ikiwa una njia ya kuvuka ziwa, ukiwa na kadi zake zote na hesabu ya chupa kwa kadiri unavyokumbuka. Baada ya kuongezewa mara kumi hadi ishirini, ferritini inapaswa kupimwa, na ipimwe akiwa mzima, si siku ana homa au maumivu. Ikibaki juu ya 1,000, madaktari huanza kufikiria dawa za kukamata chuma na kukitoa: deferasiroksi, ambayo humezwa, au deferoksamini, ambayo huingizwa polepole chini ya ngozi kwa saa nyingi. Zote zinahitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya figo na ini. Kutoa damu, kama afanyavyo yule kaka wa Ireland, kwa kawaida hakumfai mtoto ambaye damu yake tayari haitoshi. Uliza pia kuhusu haidroksiurea, dawa ya selimundu, kwa kuwa mtoto anayeitumia vizuri huumwa mara chache na huongezewa damu mara chache zaidi, na huko ndiko kuzuia chuma kwenyewe.

Jambo moja la kabati lako la dawa. Foliki asidi peke yake haina chuma, na watoto wa selimundu wengi huandikiwa. Vile vidonge vya wajawazito vinachanganya foliki na chuma, na nimewaona akina mama wawili wakiwapa watoto wao hivyo wakidhani ni kitu kimoja. Soma karatasi, au mpe mfamasia asome.

SWALI: Mwangaluka, mwanangu Daktari. Mimi ni mzee wa Magu, nina miaka 68. Kijana wangu anafanya kazi mgodini, ana miaka 38, na anakunywa, sifichi. Alipokwenda hospitali akiwa na homa kali alipimwa ikaonekana ferritini 780. Rafiki yake akasoma kwenye simu kwamba huo ni ugonjwa wa chuma na dawa yake ni kutoa damu. Hapa kijijini yupo mtaalamu wa kuumika kwa pembe, nami nataka nimpeleke. Tena mimi na marehemu baba yangu tulikunywa pombe ya mtama iliyopikwa kwenye pipa la chuma miaka mingi. Je, ndiko kulikotoka?

JIBU: Mwangaluka, baba, na shikamoo.

Ferritini ina tabia moja inayowapotosha hata madaktari: hupanda kwa chuma, na hupanda pia kwa homa, kwa uvimbe wowote wa ndani, kwa ini lililochokozwa na pombe, na kwa homa ya ini aina ya B. Kipimo cha kijana kilichukuliwa siku ya homa kali, naye ni mnywaji. Kwa hiyo 780 hiyo inatuambia kwamba kuna jambo, haituambii jambo gani. Arudie wiki kadhaa baada ya kupona, bila pombe katikati, na safari hii wapime pia ujazo wa transferini, pamoja na ini na homa ya ini. Kama ujazo ni wa kawaida, chuma si mshtakiwa wetu. Na kwa kuwa ninyi ni watu wa kandokando ya ziwa, aangaliwe kichocho, ambacho kinaweza kufanya ini kuwa gumu na wengu kuvimba hata kwa mtu asiyegusa pombe.

Lile la pipa, mzee wangu, umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Mwaka 1929 daktari aitwaye Strachan, Johannesburg, alieleza chuma kilichojaa katika viungo vya marehemu Waafrika aliowachunguza, na baadaye ilibainika kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe ya kienyeji iliyochachushwa ndani ya vyombo vya chuma: uchachu wake huyeyusha chuma, na mnywaji wa lita kadhaa kwa siku humeza makumi ya miligramu kwa namna ambayo utumbo huifyonza kwa urahisi. Kwa kuwa si kila mnywaji wa pombe hiyo alijaa chuma, watafiti waliochunguza familia za kusini mwa Afrika walipendekeza mwaka 1992 kwamba liko pia jeni, tofauti na HFE la Ulaya, linaloshirikiana na chombo. Kwa maneno mengine, hata sisi tuna namna yetu ya kuzidiwa chuma. Kwa hiyo wewe mwenyewe, ikiwa ulikunywa ya pipa kwa miaka mingi, pima pamoja na kijana. Nauli ni ile ile. Na wapishi wa pombe kijijini wakirudi kwenye chungu, watakuwa wamefanya vema. Chungu cha chuma cha kupikia mboga nyumbani sikigombezi, kwa mwanamke aliyepungukiwa damu kinaweza hata kumsaidia.

Kuhusu kuumika, sikatai kwamba wazee wetu waliona nafuu kwa pembe. Lakini hesabu inakataa. Pembe hutoa damu ya vijiko vichache, huku chupa moja ya matibabu ikiwa karibu nusu lita, inayotolewa kwa sindano safi mkononi baada ya kupima kama mtu ana damu ya kutosha kupunguzwa. Tena wembe unaopita kwa watu kadhaa unaweza kumpa kijana ile homa ya ini aina ya B ambayo tunataka kuhakikisha hana. Ikithibitika kwamba chuma kimezidi kweli, daktari atapanga atolewe damu hospitali. Ikithibitika kwamba hakikuzidi, na ini ni zima, na kipimo cha homa ya ini ni safi, basi akajitolee damu kwa hiari katika kituo cha Damu Salama, ambako mwanamume huruhusiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuna mtoto wa Nansio anayeweza kuihitaji.

Nitumie majibu yenu wote wawili, namba za ferritini na za transferini, na tarehe zilipochukuliwa.